Mwaka Niliokula Makumbusho

Mwezi uliopita nilipeleka barua ya ruhusa kwa mwalimu wa nidhamu, nikiomba siku mbili za kwenda kuzika kijijini Kaagya. Niliiandika kwa adabu zote, mwandiko umenyooka, hata anwani nimeiweka kulia kama tulivyofundishwa shule ya msingi. Mwalimu akaisoma hadi katikati, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. "Kemilembe," akasema, "hapa umeandika marehemu alikuwa na miaka themanini na nne." Nikasema ndiyo, mwalimu. "Na hapa, kwenye uhusiano wako na marehemu, umeandika wewe ni shangazi yake." Nikasema ndiyo, mwalimu. Akaniangalia kwa macho ya mtu anayekumbuka kwamba mimi ndiye niliyewahi kuuvalisha mfano wa mifupa wa maabara ya baiolojia sare ya kiranja mkuu. "Kaa chini unieleze," akasema, "na ole wako nicheke." Nikamweleza. Kengele ya chai ikalia, akaagiza chai yake iletwe pale pale. Ruhusa nikapata, na mpwa wangu nikamzika. Lakini nilipokuwa narudi shuleni niligundua kwamba mwalimu nilimpa nusu tu ya habari, ile nusu ya kuchekesha. Hii nyingine naiandika sasa, nikiwa na miaka kumi na tisa kasoro, kabla sijawa mtu mzima nikaanza kujipamba.

Mwaka wenyewe ni ule wa kidato cha tatu. Nilikuwa bweni, upande wa Kahororo, katika shule ambayo kazi yangu kwenye makaratasi ilikuwa kusoma na kazi yangu hasa ilikuwa kuchekesha. Bweni letu lilikuwa na vitanda ishirini na vinne vya ghorofa na dirisha moja lisilofungika, kwa hiyo mvua ilikuwa na namba ya kitanda kama sisi wengine. Uji wa asubuhi tuliuita simenti. Jumatano nilikuwa nafagia chini ya dirisha la ofisi ya walimu, adhabu yangu ya kudumu, na nawashauri wote wanaopenda elimu waombe adhabu hiyo, maana pale ndipo nilipojua shule inaendeshwaje. Siku moja nikamsikia mkuu wa shule akisema, "Asimwe, makumbusho hayaji kwenye mtihani." Mwalimu Asimwe alitufundisha historia, mtu mwembamba, koti moja, pikipiki moja. Akajibu, "Mkuu, yanakuja. Swali la vyanzo vya historia lipo kila mwaka." "Basi waandikie ubaoni: makumbusho ni chanzo cha historia. Wakariri. Basi la kuwabeba la nini?" Nikaacha kufagia ili nisikie vizuri. "Mkuu," Mwalimu Asimwe akasema, "hata ng'ombe unaweza kumkariri. Lakini maziwa hayakamuliwi kwenye daftari." Mkuu akacheka, na mkuu wetu akishacheka huwa ameshindwa. Akasema twende mara moja tu, kama jaribio. Tukirudi na faida, vidato vingine vitafuata. Tukirudi na aibu, basi. Nakumbuka nilitabasamu na ufagio wangu, nikifikiria kitu kimoja tu: siku nzima bila hesabu.

Makumbusho yalikuwa mjini Bukoba, vyumba vitatu vya jengo la zamani lililowahi kuwa duka la vitambaa, karibu na ziwa kiasi kwamba ukuta wa nyuma ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Ndani kulinuka masizi, nyasi kavu na popo. Aliyeyatunza tulimwita Ma Kokusima, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nywele fupi nyeupe, sweta la kijani hata jua likiwaka, na mkononi fimbo ndefu ya kuonyeshea, ambayo sote tuliikwepa kwa mazoea. Akasimama mlangoni akatuambia jambo ambalo wenzangu walilisikia na mimi sikulisikia, kwa sababu nilikuwa namfunga rafiki yangu Jovina kamba za viatu na za jirani yake. Nililisikia baadaye, nilipokuwa sina jinsi. Alisema: "Wanangu, hivi mtakavyoviona si vyangu wala si vya serikali. Karibu vyote vimeazimwa kutoka nyumba moja ya Kaagya. Mwenyewe akivitaka kesho, anavichukua, na mimi nitabaki na picha tatu za mmishonari na mashine ya kusaga iliyokufa. Kwa hiyo macho tu."

Tulipita chumba cha kwanza, ngoma kubwa na mikuki. Nikapiga kelele za ngoma kwa mdomo. Tukapita cha pili, nguo za magome ya mti, vibuyu, mitungi ya maziwa, na Mwalimu Asimwe akiandika mambo kwenye karatasi juu ya goti. Cha tatu ndicho kilichonimaliza. Humo Ma Kokusima alikuwa amejenga nusu ya msonge, nyumba ya zamani ya matete na nyasi, mlango wake mfupi unaingia umeinama, na chini ametandika nyasi mbichi kama bibi zetu wanavyotandika siku ya wageni. Kando ya mlango kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kikapu kidogo chenye kifuniko. Sasa mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua kile kikapu ni nini. Ukiingia nyumba ya Mhaya, kabla hujaulizwa umetoka wapi, unasogezewa akamwani, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa, utafune. Usipochukua umemtukana mwenye nyumba. Mkono wangu ulijua njia kabla ya kichwa. Nikakaa juu ya nyasi, nikanyoosha miguu kama bibi aliyechoka, nikasema kwa sauti ya pua, "Wenyeji hawapo, lakini heshima ipo." Wenzangu wakaanza kucheka, na nikichekewa mimi huwa sina breki. Nikafunua kikapu. Ndani kulikuwa na kifurushi cha ganda kavu la mgomba, kidogo kama kidole gumba. Nikakifungua. Ndani ya kifurushi kulikuwa na punje moja tu. Nikasema, "Hawa wenyeji wachoyo," nikaitupia mdomoni.

Ilikuwa na ladha ya sanduku la zamani. Nilitafuna, ikapasuka kama kifungo cha koti, nikameza ili niendelee kuigiza. Ndipo Ma Kokusima akainama mlangoni, akaangalia kifurushi kilichofunguliwa, akaniangalia mimi. Hakupandisha sauti. "Kilichokuwa humu kiko wapi?" Wenzangu walikuwa bado wanacheka. Nikaonyesha tumbo langu. Akaweka fimbo chini, akakaa kwenye nyasi pembeni yangu kama vile sisi wawili tulikuwa wageni kweli, akafumba macho. Nilishachapwa, nilishafukuzwa darasani, nilishapigishwa magoti uwanjani. Sijawahi kuadhibiwa kama nilivyoadhibiwa na mama yule kwa kukaa tu.

Alipofumbua macho alitusimulia darasa zima, na safari hii nikasikiliza. Mwenye vitu vile aliitwa Ta Bigirwa, yaani Mzee Bigirwa. Baba yake Ta Bigirwa alikuwa na rafiki mvuvi wa visiwani, jina lake Magesa, mtu wa kuja kutoka ng'ambo, si Mhaya. Wakakubaliana wafanye omukago, ule undugu wa kuchanjiana. Tunda la buni lina punje mbili ndani ya ganda moja, kama watoto wawili tumboni. Kila mmoja huipaka punje moja damu yake, mwenzake akaimeza, na tangu hapo ni ndugu, wanazikana, wanaleleana watoto. Wakakutana ufukweni. Baba yake Ta Bigirwa akatangulia, akajichanja, akaipaka punje ya Magesa. Kabla Magesa hajaipokea, mtu akaja mbio kumwita: mtoto wake anaumwa kisiwani. Magesa akasema, "Niwekee, narudi." Akapanda mtumbwi. Ziwa likamchukua. Baba yake Ta Bigirwa akaifunga ile punje kwenye ganda la mgomba na kuiweka maisha yake yote, na watu walipomwambia aitupe, aliwajibu kwamba Magesa hakukataa, amechelewa tu.

Mimi nikauliza swali lililokuwa linanisumbua. "Ma, kwa hiyo ilikuwa na damu?" "Ya upande mmoja," akasema. Nikatoka mbio hadi nyuma ya jengo nikainama kwenye mgomba. Hakikutoka kitu. Tumbo hili, ambalo uji wa shule hulitoka bila kuombwa, siku ile liligoma.

Mkuu hakunichapa, wala hakunisimamisha masomo. Alimwambia tu Mwalimu Asimwe, nami niko chini ya dirisha, "Umeona faida?" Ikawa ndiyo mwisho wa ziara. Na Ma Kokusima akasema msamaha wake si kitu, kwa sababu punje haikuwa yake. Lazima mwenyewe aambiwe, na lazima aambiwe na mdomo ulioila. Jumamosi iliyofuata tukaenda Kaagya kwa pikipiki ya Mwalimu Asimwe, yeye mbele, Ma Kokusima katikati na sweta lake, mimi nyuma kabisa, mishikaki ya watu watatu, na kila tuta la barabara nikimsikia yule mama akisema "bojo, bojo" mgongoni mwa mwalimu, yaani tafadhali, tafadhali. Sikujua alikuwa anaiomba pikipiki au anafanya mazoezi ya kumwomba Ta Bigirwa.

Nyumba ilikuwa ya matofali na bati, migomba imefika hadi dirishani, kiasi kwamba sebuleni mchana ulikuwa wa kijani. Ukutani kalenda ya kanisa, picha ya kipaimara, saa mbili zisizokubaliana. Ta Bigirwa alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, suruali imepigwa pasi hadi inakata, mikono mikubwa ya kulima kahawa. Mke wake, Ma Elizabeti, akaleta kikapu akakiweka mbele yangu. Kikapu cha sura ile ile, na buni ndani. Nikaweka mikono chini ya mapaja. Ta Bigirwa akanitazama, akasema taratibu, "Mbona leo huli?" Alikuwa ameshaambiwa. Bukoba habari hutembea kwa kasi kuliko pikipiki. Sikujua kama anatania, na hadi anakufa hakuwahi kunionyesha meno akitania. Nilipiga magoti nikasema yote, hata ile sehemu ya wenyeji wachoyo. Mwalimu Asimwe alikohoa kunizuia, lakini nilikuwa nimeshaanza na sikujua pa kukata.

Kisha nikatumwa jikoni kumsaidia Ma Elizabeti kumenya ndizi. Jiko lilikuwa ukuta mmoja na sebule, kwa hiyo nikawa tena chini ya dirisha langu, kwa namna fulani. "Vitu hivi," mama yule akaniambia, kisu kikienda chenyewe, "mimi ndiye niliyesema vitoke ndani mwangu. Mikuki, damu, mambo ya kale, na sisi watu wa Meza ya Bwana. Ta Bigirwa akasema hawezi kuchoma mali ya baba yake. Ndipo Ma Kokusima akaja na makumbusho yake. Nikasema sawa, huko si dhambi, huko ni historia." Na sebuleni nikasikia sauti ya Ta Bigirwa: "Mwanangu Godwin anavitaka kwa ajili ya hoteli yake Mwanza. Kila mwaka ananiuliza. Mimi namwambia viko mahali salama, watoto wanafundishwa. Sasa mwaka huu nimwambie nini?" Ma Kokusima akasema kitu ambacho sikukisikia. Ta Bigirwa akajibu, "Watoto wakija Krismasi tutakaa. Ikionekana havifundishi mtu, viende." Nilikuwa na ndizi mkononi nusu imemenywa. Nikaelewa kwamba sikula punje moja. Nilikuwa nimeanza kula vyumba vitatu.

Kabla hatujaondoka Ta Bigirwa akanihukumu. Kwanza alimuuliza Mwalimu Asimwe, "Mwalimu, ile damu ilikuwa ya baba yangu. Aliyeimeza ni nani wake?" Mwalimu akasema kwa taratibu za omukago ni ndugu yake. "Na ndugu wa kike wa baba yangu mimi namwita nani?" Mwalimu Asimwe akajaribu kuikunja midomo. "Shangazi, waitu," akasema kwa heshima. Ta Bigirwa akanigeukia na uso wake wa jiwe. "Shangazi, basi sikia. Ulichokula kilikuwa cha Magesa. Kamtafute Magesa, uwaambie watu wake." Nikasema, "Lakini alikufa, Ta, zamani sana." Akasema, "Ndiyo maana nimesema watu wake."

Tangu wiki ile, Ma Kokusima alinidai Jumamosi zangu zote, na matroni akakubali kwa furaha iliyoniumiza. Sitasema niligeuka malaika. Nilifagia uchafu wa popo, nikapanga vibuyu, nikajifunza kwa kusikiliza mambo mawili matatu kila wiki: kwamba nguo ya gome hupigwa kwa nyundo ya mti hadi ilainike, kwamba mtungi wa maziwa hufukizwa kwa moshi wa nyasi fulani ili maziwa yanukie, kwamba zamani wanawake wa kwetu walikuwa wanakamata senene, wanawanyonyoa mbawa, wanawakaanga, halafu hawaruhusiwi kula. Hilo la senene nilimuuliza Ma Kokusima mara tatu. "Sasa nani alitunga sheria hiyo?" "Waliokuwa wanakula," akasema. Darasani nilikuwa nasoma kwamba jamii za kale zilikuwa na mgawanyo wa kazi, nikaandika, nikapata alama. Kwenye kile chumba nilikasirika, na nadhani kukasirika ndiko kulikonifanya nikumbuke. Mpaka leo ukiniamsha usingizini ukaniuliza vyanzo vya historia, jibu la kwanza litakalonijia ni harufu.

Akanipa pia watoto. Shule za msingi ziliendelea kuja, moja moja, na Ma Kokusima magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo nikawapitisha mimi. Kundi la kwanza lilitoka Maruku, watoto wa wakulima, wenye akili ya shambani. Nilipofika kwenye kikapu nilitaka kuruka, mmoja akanyoosha kidole: "Dada, hiki kina nini?" Nikasema hakina kitu. "Sasa kwa nini kipo?" Nilimtazama Ma Kokusima, akajifanya anaangalia popo. Nikawasimulia Magesa, na nikawaambia aliyekula. Wakanitazama kwa heshima kubwa, kama ambavyo hakuna aliyewahi kuitazama ile mikuki. Halafu msichana mmoja akasema, "Na yule mtoto wa Magesa aliyekuwa anaumwa, alipona?" Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilijua hadithi ile kwa ajili ya kuchekesha na kwa ajili ya kujilaumu, lakini mtoto mgonjwa nilimwacha kisiwani bila hata kumwangalia. Nikamwambia sijui. Akasema, kama mwalimu mkuu anayepokea ripoti mbovu, "Basi uulize."

Likizo ya Juni nikarudi kwetu Muleba, na kila asubuhi nikatembea hadi mwaloni, pale mitumbwi ya visiwani inaposhusha dagaa na sangara. Nilianza na mama mmoja mchuuzi aliyekuwa anaanika dagaa kwenye nyavu. "Magesa yupi, mwanangu? Hapa ukiita Magesa wanageuka saba na mbwa mmoja." Nikasema Magesa wa zamani aliyezama akienda kwa mtoto wake. Akacheka, akaacha kucheka. "Wa kuzama ndio wengi kuliko wote." Wavuvi wakanitania kwamba natafuta mchumba. Mmoja akaniambia Magesa ni yeye, ila anaitwa Juma. Siku ya nne nikakaa na mzee aliyekuwa anashona wavu, Mkerewe, aliyeyasikiliza yote kuanzia kwenye kikapu hadi tumboni kwangu bila kuinua macho. "Humpati," akasema. "Watu wa visiwani hawana makaburi ya kuonyesha, na kambi zinahama. Sisi mtu akizama, jina lake tunampa mtoto. Ndiyo maana wako saba." Nikamuuliza sasa nifanye nini. "Umetumwa kwa watu wa Magesa. Waambie hao hao."

Nikawaambia. Ilinichukua wiki mbili na matusi ya kutosha. Wa kwanza aliniuliza kama kuna fidia. Wa pili alikuwa amelewa akalia, wa tatu alikuwa na miaka sita, nikamweleza mama yake. Wa tano, kijana wa kupasua sangara na kutoa mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni, mikono imejaa damu ya samaki, alisikiliza akiendelea na kisu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo huyo mzee alikuwa ananingoja mimi?" Nikasema alikuwa anamngoja Magesa. Akafikiri. "Mwambie mtoto wake nimesikia," akasema, akainama kwenye samaki wake. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha na kilikuwepo, nilikuwa nacho tayari kwenye ulimi. Sikukisema. Huenda hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka ule ambayo nina hakika nayo.

Nilimwandikia Ta Bigirwa barua ya kurasa tatu, majina yote saba, na nani alisema nini. Kuhusu mtoto mgonjwa niliandika kwamba hakuna anayejua. Hakujibu. Ilipita Julai, ikapita Agosti, na senene wa Novemba wakaja wakaisha, nami niliwala hadi tumbo likauma, kwa niaba ya bibi zangu wote. Ma Kokusima akaanza kuandika orodha ya vitu vya kurudisha. Aliiandika kwa penseli, na kila Jumamosi niliiona imefutwa mstari mmoja na kuandikwa upya, kama mtu anayetumaini kwamba mwandiko ukiwa mzuri haitahitajika.

Siku ya pili baada ya Krismasi tukaitwa Kaagya. Magari matatu yalikuwa yamepaki kati ya migomba, na sebule ile ya kijani ilikuwa imejaa wana, wakwe na wajukuu wenye simu kubwa. Meza ilikuwa na ndizi zilizopikwa na maharage, ndizi za nyama, sato mzima aliyeangalia dari. Ma Kokusima alikaa kwenye ukingo wa kiti na orodha yake ndani ya mkoba. Mimi nilikaa mkekani na watoto, nikashika sahani yangu. Injinia Godwin, mtoto wa kwanza, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti nzuri ya kikao, akasimama akasema, na ukweli alisema vizuri. "Baba, kwa heshima zote. Mahali ambapo mtoto wa shule anatafuna urithi wetu si mahali pa kuhifadhi. Mimi nitaweka kioo, taa na mlinzi. Jina la babu litaandikwa ukutani, wageni wa dunia nzima watalisoma." Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi nilijikuta naanza kutikisa changu, nikakizuia. Ma Kokusima akafungua mkoba, akatoa ile karatasi.

Ta Bigirwa akamaliza kunawa mikono, kidole kimoja kimoja. "Umesema vizuri, Godwin. Lakini vile vitu si vyangu, ni vya baba yangu, mimi natunza tu. Na katika nyumba hii hakuna kitu cha baba kilichowahi kuhama kabla dada wa baba hajasema. Mlipogawana shamba la chini, shangazi alisubiriwa siku nne, akaja kwa miguu." Injinia akasema kwa upole, "Baba, shangazi zako wote wametangulia." "Mmoja yupo," akasema Ta Bigirwa. "Yule pale, anakula ndizi."

Sebule nzima ikageuka. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimetafuta watu wengi wanitazame kwa wakati mmoja, na sasa walikuwepo, na mimi nilikuwa na kijiko mdomoni. Injinia akaanza, "Huyu si ndiye..." "Ndiye," akasema baba yake. "Alikula, akameza, akaenda kuwaambia watu wa Magesa, mmoja baada ya mwingine, saba. Barua yake ninayo. Niambieni nani kati yenu aliwahi kuniuliza Magesa ni nani." Mjukuu mmoja akazima simu. Ta Bigirwa akanigeukia. "Shangazi, sema. Viende au vibaki?"

Nikaweka sahani chini. Nikawaambia kwamba hotelini vingekuwa salama, hilo kweli, kwa sababu kioo hakina tumbo. Wengine wakacheka, nikapata pumzi. Nikawaambia kwamba mimi ni Mhaya wa Muleba, nimesoma historia miaka mitatu, nilikuwa nimekaa ndani ya msonge kwenye nyasi za bibi zangu na sikujua nilichoshika. Nilijua baada ya kula. Wageni wa hoteli wataviona wakisubiri ufunguo, na havitawahi kuwauma. Watoto wa Maruku waliniuliza swali ambalo mpaka leo sijalijibu, na waliniuliza kwa sababu walikuwa wamesimama mbele ya kikapu kitupu. "Tena," nikasema, "kosa lilikuwa la mtu mmoja na nidhamu yake. Msiwafungie wengine. Vibaki."

Injinia Godwin akabaki amesimama. Alimtazama baba yake, ambaye alikuwa anachagua kipande cha sato kana kwamba kikao kimeisha. Akamtazama Ma Kokusima, aliyekuwa amekunja karatasi mara nne na bado anaikunja. Mwisho akamtazama mama yake, nadhani akitegemea kwamba mtu wa Meza ya Bwana atamtetea. Ma Elizabeti akamwongezea maharage kwenye sahani. "Godwin," akasema, "shangazi wa baba yako kwako ni nani? Msalimie, ndizi zinapoa."

Nilisikia zile saa mbili zikigombana ukutani. Kisha yule mwanaume wa miaka hamsini, mwenye hoteli Mwanza, akainamisha kichwa kidogo kuelekea mkekani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema. "Kaa ule."